Kuandika Meza na Kuandika Kitabu

Kiswahili kina kitenzi kimoja kwa kazi mbili. Mwenye kalamu huandika waraka. Mwenye sahani na vijiko huandika meza. Wa kwanza huitwa mwandishi, wa pili mwandikaji, na wote wawili wametoka katika mzizi mmoja. Fasihi, hata hivyo, haikuwatendea sawa ndugu hawa. Mwandishi jina lake huchapwa juu ya jalada. Mwandikaji husimama nyuma ya kiti, mgongo ukutani, na habari yake huishia pale vyombo vinapoanduliwa.

Suala hili si la maneno matupu. Tangu zama za majumba ya Pate mpaka zama za klabu za wakoloni, sehemu kubwa ya historia ya pwani imepita katika vyumba vya kulia. Humo vyeo viligaiwa, mikataba ikazungumzwa, na mambo ya watu wasiokuwapo yakakatwa kati ya nyama na matunda. Kila chumba cha namna hiyo kilikuwa na shahidi mmoja ambaye hakualikwa lakini hakukosa hata siku moja, naye ni yule aliyeleta chakula. Hapana budi kuuliza fasihi ya Kiswahili imemsikiliza shahidi huyo kwa kiasi gani, na imempoteza kwa kiasi gani.

Mfano ulio karibu zaidi na msomaji wa visiwani uko Shangani. Klabu ya Waingereza ya Unguja, ambayo mwaka wa kuasisiwa kwake hutajwa kuwa 1888, ni miongoni mwa klabu kongwe kabisa za Wazungu katika Afrika Mashariki. Klabu ya Mombasa, jirani na Ngome ya Yesu, ilianza katika muongo wa mwisho wa karne hiyohiyo, na ile ya Muthaiga, Nairobi, ilifunguliwa mwishoni mwa 1913. Klabu za aina hii zilifanana kwa mengi: baraza ya kupungia upepo, maktaba, meza za biliadi, chumba cha kulia cha wanachama wote, na mara nyingi chumba kingine cha ndani zaidi, ambamo watu wachache waliweza kula na kuzungumza mlango ukiwa umefungwa. Jumba zima lilikuwa limekwisha kuwafungia nje wenyeji wa mji. Chumba cha ndani kikaongeza mlango wa pili.

Waliovuka milango yote miwili bila ya kuwa wanachama ni waandikaji. Walivaa kanzu nyeupe, kofia nyekundu na mshipi kiunoni, vazi ambalo klabu na mahoteli ya Afrika Mashariki yalilifanya sare. Adabu ya kazi iliwataka waone glasi iliyopungua na wasione uso wa aliyeinywa. Wasikie wito na wasisikie mazungumzo. Waliokaa mezani walijizoeza kuamini kwamba jambo hilo lawezekana. Evelyn Waugh, aliyepita Unguja na kuandika habari zake katika kitabu chake Remote People cha 1931, ameacha malalamiko kuhusu joto la kisiwa. Kitabu cha aliyeketi kimepatikana. Kitabu cha aliyesimama hakijapatikana.

Mwaka ule wa 1888 una uzito wake. Mnamo Aprili mwaka huo, Sultani Khalifa bin Said aliafiki mkataba ulioikodisha pwani ya Mrima kwa kampuni ya Kijerumani. Kampuni ilipoanza kutwaa madaraka mwezi wa Agosti, vita vikazuka Pangani na kuenea pwani nzima. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy wa Tanga akavitungia Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, mmoja wa tenzi kubwa za kihistoria katika lugha hii. Utenzi huo ni ushahidi wa mtu aliye upande wa waliovamiwa. Msomaji anapewa miji, majemadari, manowari na maombi ya watu kwa Mola wao. Lakini chimbuko la vita hivyo lilikuwa katika mazungumzo ya ndani, baina ya watu wachache, na huko utenzi haukai sana. Mshairi alikuwa na macho ya uwanjani. Aliyekuwa na macho ya chumbani hakutunga.

Haifai kudhani kwamba mlango wa ndani uliletwa na Waingereza. Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ndio shairi kubwa la Kiswahili kuhusu kumbi zilizohamwa. Matajiri wa Pate walikuwa na taa, kaure za Kichina na vitanda vya fahari. Kisha mauti yakapita, na nyumba zikabaki kwa wadudu na ndege. Wahakiki wameusifu utungo huo kwa mafunzo yake juu ya dunia hadaa, na sifa hiyo ni haki yake. Hata hivyo ukisomwa kutoka upande wa mwandikaji, swali jingine huinuka. Waliohudumu katika kumbi hizo wamo kama sehemu ya fahari, sawasawa na taa na kaure. Nafsi inayoonywa katika shairi ni ya mwenye mali, au ya mtu anayetamani kuwa kama yeye. Wahenga walisema mla ni mla leo, mla jana kala nini. Methali hiyo yatosha kuufupisha upande mmoja wa Al-Inkishafi. Upande wa pili, wa aliyepakua jana na leo bila ya kuwa mla, haukutiwa katika beti.

Utungo ulioukaribia upande huo ni wa mwanamke. Mwana Kupona binti Msham aliutunga utenzi wake mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima, na ndani yake mna maelekezo ya namna ya kumhudumia mume: chakula chake, usingizi wake, mavazi yake. Mjadala juu ya utenzi huo umekuwa mrefu. Wako wanaouona kuwa kitabu cha kumfunga mwanamke, na wako wanaouona kuwa hazina ya adabu. Pande zote mbili hupita upesi jambo moja, nalo ni ustadi wa mtunzi katika kumchunguza anayehudumiwa. Hakuna aaminiye kwamba bwana huyo anajijua vizuri kama anavyojulikana na mwenye kumwandikia chakula. Mwana Kupona ni mwandikaji aliyeshika kalamu, na utenzi wake waonyesha kwamba huduma huzaa elimu, na elimu hiyo ina nguvu hata pale inapojifunika ushungi wa utiifu.

Kutoka Lamu na Unguja hadi milima ya Usambara si mbali kama ramani inavyodai, kwani meza ya klabu na mlima vilifungamana. Wajerumani waliiita Lushoto Wilhelmstal na kuifanya kimbilio lao la kuepuka joto la pwani. Gavana wa Kiingereza naye akawa na makazi yake ya mlimani hukohuko. Yaweza kusemwa kwamba Usambara ilifanywa chumba cha ndani cha koloni zima, mahali ambapo wakubwa walijitenga ili wapate baridi, mboga za kwao na mazungumzo yasiyo na haraka. Na huko Amani, Usambara ya mashariki, kituo cha utafiti kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 kiliijaribu miche ya chai, kinywaji kilichokuja kuwa alama ya meza ya Kiingereza.

Mponde ni mojawapo ya majina ya milima hiyo yanayojulikana kwa chai. Hapo hapatafutwi baraza ya klabu wala meza ya biliadi. Panatafutwa mwanzo wa kile kilichomo kikombeni. Mkulima mdogo huchuma majani mawili na kichipukizi chake, akayapeleka kupimwa siku hiyohiyo, kwa kuwa jani lililochumwa halingoji. Kiwandani hunyaushwa, hukatwa, huachwa libadilike rangi, hukaushwa kwa moto, kisha huchambuliwa kwa madaraja. Kwa miaka mingi chai ya nchi hizi imeuzwa kwa mnada Mombasa. Mchumaji hajui ni chumba gani kikombe kitaingia, na aliye chumbani hajui kikombe kimetoka kwenye mteremko gani. Katikati yao yuko mwandikaji anayeshika birika.

Milima hiyo ina fasihi yake juu ya chakula na utawala, na fasihi hiyo iliandikwa kwa Kiswahili. Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, chaeleza jinsi Mbegha, mwindaji aliyekimbia kwao Ngulu, alivyofika Usambara na kupokewa kwa sababu ya nyama. Aliua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba. Akatoa nyama, naye akapewa vyakula vya shamba. Alipita Bumbuli na kuoa huko, na kutokana na mke huyo akazaliwa Buge, aliyerithi ufalme. Usiku wa kufika Vugha akaua simba, na watu wakamfanya mfalme. Mponde na Vugha leo zimo katika halmashauri moja ya Bumbuli, kwa hiyo kisa hiki kimetendeka katika miteremko iyo hiyo inayochumwa chai.

Lenye maana kwa mhakiki ni kwamba mwanzo wa ufalme katika kisa hicho ni kugawa chakula hadharani. Mbegha hakujifungia na nyama yake. Washambaa walitofautisha kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu, na mtawala alipimwa kwa mizani hiyo. Chumba cha ndani cha klabu kilijengwa juu ya fikra iliyo kinyume: aliye mkubwa ni yule anayeweza kula asionekane. Kisa cha Mbegha kisifanywe, hata hivyo, picha ya pepo iliyopotea. Warithi wake walitoza, walipigana, na waliuza watu, na kitabu chenyewe hakifichi ukali wao. Kinachobaki ni kipimo. Jamii ilikuwa na neno la kumwambia mtawala kwamba amekula vibaya.

Na mwandishi wa kitabu hicho alikuwa nani? Hakuwa Mshambaa, wala hakuwa mfalme. Alikuwa mtu wa pwani aliyewatumikia Wakilindi na kukaa karibu na Semboja wa Mazinde. Alisikia visa kwa sababu alikuwamo barazani kwa ajili ya kazi, si kwa ajili ya heshima yake. Baadaye wamisionari wa Magila wakaanza kuyachapa aliyoyaandika, na mwaka 1962 kitabu kikatolewa upya chini ya uhariri wa J.W.T. Allen. Uhai wa Habari za Wakilindi, yaani majibizano yake, hila zake, na namna mtu mkubwa anavyobadilika sauti mgeni anapoingia, umetokana na masikio ya mtumishi. Kwa hiyo si kweli kwamba mwandikaji hawezi kuandika. Amekwisha kuandika, na kazi yake ni miongoni mwa nathari bora za Kiswahili cha kale.

Riwaya ya visiwani iliyomsogelea zaidi mtumishi wa nyumba kubwa ni Kasri ya Mwinyi Fuad ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1978. Kijakazi, mtumishi mzee wa kasri, anamtumikia bwana wake kwa utiifu ambao hata Mapinduzi ya 1964 hayaukati upesi. Wahakiki wamezoea kumsoma kama mfano wa mtu ambaye akili yake imetekwa, na riwaya yenyewe yaunga mkono usomaji huo, kwani msimulizi yuko tayari kila wakati kueleza kosa la mawazo yake. Hapo ndipo penye nguvu ya kitabu na upungufu wake. Nguvu yake ni kwamba, kwa mara moja, kasri limetazamwa kutoka jikoni na zizini. Upungufu wake ni kwamba Kijakazi anaelezwa zaidi ya anavyosikilizwa. Mtu aliyezijua funguo zote za kasri, aliyejua bwana amekula nini na amerudi saa ngapi, angeweza kuwa mwanahistoria wa nyumba ile. Riwaya inamtaka azinduke, haimtaki asimulie. Msomaji wa leo anaweza kuusoma utiifu wake kwa namna nyingine, kuwa ni ukimya wa mtu mwenye mengi ambayo hakuna aliyemuuliza.

Abdulrazak Gurnah amekwenda hatua zaidi, ijapokuwa kwa Kiingereza. Katika Afterlives ya mwaka 2020, kijana Hamza anajiunga na jeshi la Wajerumani na kuwekwa mtumishi wa ofisa. Anasafisha vyumba vyake, anamhudumia, na ofisa anamfundisha Kijerumani mpaka aweze kumsoma Schiller. Uhusiano huo una upole na una sumu, na Gurnah havitenganishi. Hamza anasema machache mno. Hata hivyo kila kitu chumbani kimepita machoni pake, na msomaji anakijua chumba kwa sababu Hamza alikipanga. Tofauti na Kijakazi ni kwamba hapa msimulizi hamsahihishi mtumishi, anamngoja.

Riwaya yake nyingine, Paradise ya 1994, imerudi nyumbani tangu mwaka 2022 kwa jina la Peponi katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Yusuf, aliyewekwa rehani kwa tajiri Aziz kwa deni la baba yake, anaishi kando ya nyumba yenye bustani iliyozungushiwa ukuta. Kitabu hicho chawakumbusha watu wa pwani jambo wasilopenda kukumbushwa, kwamba nao walikuwa na vyumba vya ndani, na waliohudumu humo hawakuwa wageni kutoka ng'ambo. Kwa Kiswahili kumbusho hilo lauma zaidi, kwa kuwa maneno ya heshima ambayo Yusuf anatakiwa kuyatamka mbele ya tajiri ni maneno ambayo msomaji mwenyewe hufundisha wanawe.

Mji wa Unguja ulikuwa na klabu za namna nyingine pia, na hapa mpenzi wa ushairi ana haki ya kupumua. Mwaka 1905, miaka 17 baada ya ule unaotajwa kwa klabu ya Shangani, vijana wa mjini waliunda Nadi Ikhwan Safaa. Nacho kilikuwa chama cha marafiki, chenye utaratibu wake na milango yake. Lakini kilichofanyika ndani kilikusudiwa kutoka nje: nyimbo zilifanyiwa mazoezi chamani ili zikaimbwe arusini na sikukuu. Mwanzoni nyimbo hizo zilikuwa za Kiarabu. Aliyezitoa sauti za Kiswahili katika santuri na kuzisambaza pwani nzima ni Siti binti Saad, binti wa Fumba aliyeuza vyungu, ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi. Siti aliitwa katika nyumba za wakubwa kuwaburudisha. Aliingia vyumba vya ndani kama mtu wa kazi, akatoka navyo katika nyimbo, akaimba habari za mahakama, za wenye nguvu na za waliodhulumiwa, kama katika wimbo wa Kijiti. Shaaban Robert alipoandika Wasifu wa Siti Binti Saad alijua kwamba anaandika habari za mtu aliyevuka mlango ambao kwa kawaida huvukwa upande mmoja tu.

Baada ya Mapinduzi, jumba la klabu ya Shangani likawa Africa House, na kwa miaka mingi baraza yake imekuwa maarufu kwa wageni wanaotazama jua likizama. Mlango uliofungwa umefunguliwa kwa mwenye kulipa. Majengo ya namna hii yanapokarabatiwa na kusifiwa, masimulizi huelekea kutolewa kutoka upande wa kiti: nani mashuhuri aliketi hapa, alikunywa nini. Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na urithi ni pamoja na kumbukumbu za wapishi, waandikaji na madobi waliokuwa wakipita mlango wa nyuma. Wengi wao wamekwisha kufariki. Watoto wao wangalipo mitaani, na baadhi yao ni watunzi.

Kwa watu wa Mponde jambo hili halikuishia katika vitabu. Kiwanda chao cha chai, kilichokuwa cha umma, kilibinafsishwa mwaka 1999. Mgogoro kati ya wakulima na uendeshaji wake ulikifunga mwaka 2013, na mwaka 2016 Serikali ikakirudisha mikononi mwake. Katika miaka ya kufungwa majani yaliota mpaka yakawa miti, kwani mchai usiochumwa haubaki kichaka. Kiini cha malalamiko ya namna hiyo, popote yanapotokea, huwa ni kimoja: jani limetoka kwa wengi, na neno juu ya jani limesemwa na wachache, ndani. Mkulima anayeuliza bei ilipangwa wapi anauliza swali ambalo Al-Inkishafi haikuliuliza na Kasri ya Mwinyi Fuad ililijibu upesi mno.

Kwa hiyo yapo mambo mawili ambayo ushairi wa Kiswahili unadaiwa. La kwanza ni la wahakiki, nalo ni kuwasoma upya Mwana Kupona, Abdallah bin Hemedi na Kijakazi wakiwa mashahidi, badala ya kuwagawa katika makundi ya watiifu na waasi. La pili ni la watunzi. Utenzi umekwisha kuonyesha kwamba unaweza kubeba vita, wasia na maisha ya mitume. Bahari yake fupi yafaa sana kwa mtu anayehesabu sahani akisikiliza. Utenzi wa mwandikaji, aliyesimama ndani ya chumba siku ambayo pwani, shamba au kiwanda cha wengine kilijadiliwa, bado haujatungwa. Atakayeutunga hatahitaji kubuni kitenzi kipya, kwa maana lugha imeshampa kimoja chenye kazi zote mbili.